Mwandishi na Kisiwa Chake: Jinsi ya Kuzisoma Riwaya za Kezilahabi

Wazazi kadhaa, baadhi yao wakaao Tandale kwa upande wa Kinondoni, na wengine Mtoni na Mbagala kwa upande wa Temeke, wametuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: Je, yafaa watoto wetu wasome riwaya za marehemu Euphrase Kezilahabi? Mama mmoja alimwona binti yake ameshika Rosa Mistika, akafungua kurasa mbili tatu, akashtuka. Baba mwingine amesikia kwamba Kichwamaji yaishia kwa kijana kujiua, naye ana kijana wa umri uo huo nyumbani, msomi, mkimya, asiyekwenda tena Misani bila kusukumwa. Swali hili si dogo, wala hatupendi kulijibu kwa neno moja la ndiyo au la. Twaona heri kulijibu kwa njia ndefu kidogo, yaani kumtazama mwandishi mwenyewe alikotoka, tuone ni nini katika maisha yake kilichoingia katika vitabu vyake, na ni nini ambacho maisha yake peke yake hayawezi kutueleza.

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili huziita riwaya hizi riwaya za udhanaishi. Neno hilo ni geni kwa wengi, walakini maana yake si ngumu mno. Mfikirie mtu aliyesinzia, kisha akazinduka na kujikuta yumo ndani ya daladala usiku, nalo laenda kasi. Hakumbuki alipandia wapi, hajui nani aliyemlipia nauli, na wale waliobanana naye hawajui zaidi, ijapokuwa baadhi yao wajifanya kujua. Jambo moja tu analo kwa hakika: mwisho wa njia upo, na kabla ya kufika huko yampasa achague ashuke wapi na aende kwa nani. Mdhanaishi asema kwamba hiyo ndiyo hali ya binadamu. Mtu ajikuta yu hai kabla ya kujua kwa nini. Yu huru, na uhuru huo wamlemea. Atakufa, naye ajua kwamba atakufa. Mwandishi wa riwaya ya namna hii haandiki ili kutuonyesha jinsi mwema apatavyo tuzo na mwovu adhabu, kama tulivyozoea katika vitabu vya Shaaban Robert. Yeye humtia mtu ndani ya gari hilo, akakaa kumwangalia.

Wako wanaodhani kwamba falsafa hii ni mali ya wasiomwamini Mungu tu. Sivyo. Søren Kierkegaard, Mdenmarki aliyezaliwa mwaka 1813 na ambaye wengi humhesabu kuwa babu wa fikra hizi, alikuwa Mkristu, na shida yake kubwa ilikuwa jinsi ya kuwa Mkristu wa kweli katika nchi ambamo kila mtu aliitwa Mkristu. Gabriel Marcel, Mfaransa mwandishi wa tamthilia na falsafa, alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1929, akaendelea kuandika juu ya matumaini na uaminifu. Hao wengine, Jean-Paul Sartre na Albert Camus, ndio ambao majina yao yalivuma zaidi, nao hawakuwa waamini. Basi kosa ni kuiona falsafa hii kana kwamba ni dhehebu moja. Ni maswali yaleyale, nayo majibu hutofautiana.

Tukae kidogo na Camus, kwa sababu maisha yake yatatusaidia kuona jinsi asili ya mtu iingiavyo katika riwaya. Alizaliwa Algeria, katika Afrika yetu hii, mwaka 1913. Baba yake alikufa mwaka 1914 kwa majeraha ya vita, mtoto akiwa bado hajatimiza mwaka. Mama yake alikuwa mgumu wa masikio, hakujua kusoma, akafanya kazi ya kusafisha nyumba za watu. Walikaa Belcourt, mtaa wa watu maskini wa mji wa Algiers, mtaa ambao mkazi wa Tandika angeutambua mara moja: vyumba vichache, watu wengi, jua kali, na bahari isiyo mbali. Mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain, ndiye aliyemtafutia msaada wa masomo. Alipopata miaka 17 akaugua kifua kikuu. Kijana apendaye mpira na bahari aliambiwa kwamba huenda hana miaka mingi. Mwaka 1936 aliandika tasnifu yake ya chuo kikuu, na mmoja wa watu aliowachunguza humo alikuwa Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzake. Mwaka 1942 ikatoka riwaya yake ya kwanza, Mgeni, ambayo yaanza kwa kifo cha mama na kumfuata mwana aliyeshindwa kulia, na kote ndani mwake jua la Algeria lapiga kichwani. Nani asiyeona hapo mama asiyesikia, ugonjwa wa kifua, na joto la Belcourt? Walakini vijana wengine wengi wa Belcourt walikuwa na mama maskini na kifua kibovu, wala hawakuandika Mgeni. Jambo hilo tuliweke akiba; tutalirudia.

Sasa tuje kwetu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Msomaji wa Rosa Mistika ataona kwamba Namagondo ndiko nyumbani kwao Rosa. Mwandishi hakujisumbua kubadili jina. Kazimoto wa Kichwamaji ni mtu wa Ukerewe. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo naye ni mwana wa kisiwa hicho, kabla ya kwenda kutafuta mali Shinyanga.

Mtu wa bara hafahamu upesi kisiwa ni kitu gani. Kisiwani kila mtu amjua kila mtu, na jina la baba yako lafika kabla yako. Kijana aendaye shule havuki barabara, huvuka maji. Akirudi likizo amebadilika kwa mavazi, kwa lugha, hata kwa namna ya kukaa kitini, nao waliobaki wamtazama kwa macho ya kiburi na hofu pamoja. Hiyo ndiyo picha ambayo Kezilahabi hurudia katika riwaya zake za mwanzo: msomi arudiye kwao, akakuta kwamba kwao si kwao tena, na ya kuwa huko alikotoka nako si kwao. Udhanaishi wa Ulaya ulizaliwa katika vita na katika miji mikubwa. Huu wa kwetu ulizaliwa kivukoni.

Jambo la pili ni seminari. Tangu mwaka 1957 hadi 1966 Kezilahabi alisoma katika seminari ya Mtakatifu Maria, Nyegezi, karibu na Mwanza. Miaka hiyo tisa si kitu kidogo katika umri wa mtu. Aliingia akiwa mtoto wa miaka 13, akatoka kijana wa miaka 22. Katikati ya miaka hiyo ulifanyika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tangu 1962 hata 1965. Vijana walioanza kwa Misa ya Kilatini wakamaliza kwa Misa ya Kiswahili. Mambo waliyoambiwa kuwa hayabadiliki wakayaona yakibadilika mbele ya macho yao, tena kwa amri ya Kanisa lenyewe. Hatusemi kwamba jambo hilo lilimwondoa mtu yeyote katika imani, wengi liliwaimarisha. Twasema tu kwamba kijana mwenye akili kali hakuweza kulipita bila kufikiri.

Wale waliopitia seminari ndogo za zamani wajua utaratibu wake: kengele, kimya, Kilatini, tafakari ya asubuhi, na jioni kuchunguza dhamiri. Kuchunguza dhamiri ndilo jambo tunalotaka msomaji alishike. Kila siku kijana hukaa peke yake, akajiuliza: Leo nimefanya nini? Kwa nini nimefanya? Je, nia yangu ilikuwa safi, au nilitaka kuonekana? Mtu aliyefanya hivyo kila jioni kwa miaka tisa hupata jicho la ndani ambalo halifumbi tena. Hebu sasa soma Kichwamaji. Kazimoto asimulia habari zake mwenyewe, na sehemu kubwa ya kitabu ni kujipekua: Nimempenda mtu huyu au nimemtamani? Nataka kulipiza kisasi, au nataka haki? Naamini, au naogopa? Kwa maoni yetu hiyo ni ile desturi ya jioni ya seminari, isipokuwa kiti cha kitubio kimeondolewa. Dhamiri yashitaki, wala hapana wa kusema: Nenda kwa amani. Ndiyo maana kitabu hicho hutuchoma sisi Wakatoliki kuliko wasomaji wengine. Twaijua nyumba ile; tofauti ni kwamba taa moja imezimwa.

Na hii Rosa Mistika, iliyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971? Jina lenyewe latoka katika Litania ya Bikira Maria, ile ambayo mama zetu huisali baada ya rozari, nalo ni moja la majina ya heshima ya Mama wa Mungu, waridi la fumbo. Mwandishi alimpa jina hilo binti ambaye maisha yake yaharibika hatua kwa hatua. Waliokasirika walidhani ni dhihaka. Sisi hatuoni hivyo. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi apigaye watu wa nyumbani mwake, tena mkali kupita kiasi juu ya binti zake na wavulana. Barua moja tu kutoka kwa kijana Charles yamletea Rosa kipigo kikali mno. Basi binti huyo aondoka kwao akiwa amefundishwa woga tu, wala hakufundishwa kuchagua. Afikapo shule ya wasichana Mwanza, mbali na fimbo ya baba, woga wamtoka, nao uhuru wamkuta mtupu. Afanya kwanza yale aliyokatazwa, kisha ayafanya kwa kuwa amezoea, aharibu mimba, na hatimaye, alipodhani amepata tena upendo wa kweli kwa Charles yule yule, akataliwa kwa sababu si bikira, naye ajiua. Mwishoni mwandishi awapeleka baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, kila mmoja akimshitaki mwenziwe. Mtu asiyepata kujifunza katekisimu juu ya kifo na hukumu asingeweza kubuni mwisho wa namna ile. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya mwili yaliyomo, baadaye kikakubaliwa.

Tatu ni Mlimani. Mwaka 1967 Kezilahabi aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya kile kilima cha Ubungo ambacho kwa miaka mingi kilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa kimo katika Wilaya ya Ubungo. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821 tu kwa hesabu ya mwaka huo. Tarehe 5 Februari mwaka huo huo Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa. Miezi michache kabla, Oktoba 1966, wanafunzi wapatao mia nne walifukuzwa chuoni kwa kuandamana wakiupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kijana wa Nyegezi akakuta mahali ambapo kila mtu alikuwa na jibu jipya la swali la zamani: Kwa nini tuko hapa duniani? Wengine walijibu kwa Marx, wengine kwa Ujamaa, wengine kwa cheo na gari. Aliyetoka katika nyumba moja ya majibu akaingizwa katika nyumba nyingine ya majibu, na kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na uwanja mtupu. Katika uwanja huo ndimo asimamapo Kazimoto.

Alihitimu mwaka 1970, akafundisha, akarudi Chuoni kuwa mhadhiri. Kichwamaji ilitoka mwaka 1974, pamoja na diwani yake ya mashairi, Kichomi, iliyowaudhi washairi wengi kwa kuacha vina na mizani. Dunia Uwanja wa Fujo ikafuata mwaka 1975. Humo Tumaini, baada ya ujana wa fujo, awa mkulima tajiri, na wakati mashamba yatwaliwapo kwa ajili ya Ujamaa ampiga risasi mkubwa wa serikali, naye ahukumiwa kufa. Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa: siku ya Noeli ya mwaka 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, alikuwa ameuawa na mkulima, na mkulima huyo akanyongwa. Hapo twaona kwamba maisha yaundayo riwaya si ya mwandishi peke yake. Huwa pia ni ya taifa lake.

Walakini yatupasa sasa kurudi kwa lile neno tuliloliweka akiba. Je, kisiwa, seminari na nyakati zatosha kumfanya mtu aandike riwaya za kukata tamaa? Hasha. Tunaye shahidi mkubwa, naye atoka Ukerewe hiyo hiyo.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alikuwa wa ukoo wa watemi wa Wakerewe, akasomeshwa na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, katika seminari ya Rubya huko Bukoba, akajifunza lugha nyingi. Alirudi kisiwani, akaoa, akaishi kama Mkatoliki. Mungu hakuwajalia watoto wa kubaki nao. Waliozaliwa walikufa wadogo. Mila za wakati ule zingemruhusu kabisa, tena zingemhimiza, aoe mke mwingine. Hakufanya hivyo. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa sana, na habari yake ni nini? Ni bwana na bibi wapendanao ambao hawapati mtoto. Jamaa watia maneno kati yao, mke achukuliwa na wazazi wake, mume aenda kumrudisha kwa unyenyekevu na pombe ya fidia, watafuta mganga, na mwishowe wajaliwa mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Jina la huyo mwana lamaanisha mtu ambaye kifo hakimwachi. Kitabu kilipata kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 tu, kwa tafsiri ya mwandishi mwenyewe, na mwaka 1981 mzee akafariki kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Tazameni basi. Kisiwa ni kile kile. Seminari, ijapokuwa si moja, ni za malezi yale yale. Huzuni ya Kitereza ilikuwa kubwa kuliko yoyote tuijuayo katika maisha ya Kezilahabi. Na mtoto afaye ni jambo lililomo katika vitabu vya wote wawili, kwa maana katika Kichwamaji mtoto wa Kazimoto na Sabina azaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, akafa, na hapo ndipo Kazimoto ashikapo bunduki. Lakini Kitereza aliyezika watoto aliandika kitabu cha subira, ambamo hata namna ya kupokea mgeni na kugawa nyama yaelezwa kwa upendo. Mdogo wake wa kisiwa kimoja akaandika kitabu ambamo hapana mkono unaoshika.

Tofauti yatoka wapi? Twaona ni hii: Kitereza aliandika juu ya ulimwengu ambao wazungu hawajafika, na kwake ulikuwa bado ni mzima. Alijua kila fundo lake. Huzuni ndani ya ulimwengu mzima hupata mahali pa kukaa: kuna jamaa, kuna matanga, kuna sala, kuna maneno ya kusema. Kezilahabi aliandika juu ya ulimwengu uliokwisha kupasuka, ambao vipande vyake bado vyafanana na vitu vya zamani lakini havishikani. Mkuu wa Wilaya katika Kichwamaji ni Manase, aliyecheza na Kazimoto utotoni, na bado amsubirisha ofisini kama mtu asiyemjua. Kisha ni huyo huyo ampaye mimba dada yake Kazimoto, Rukia, aliye msichana mdogo tu, na Rukia afa. Mtoto wa Manase naye ana kichwa cha namna ile ile. Ugonjwa umepita toka kwa mtu hata mtu kwa njia ya zinaa, na walioupeleka kisiwani ni wasomi. Si kwamba mwandishi hakuwa na imani ya Kitereza, maana mioyo ya watu si yetu kuipima. Ni kwamba alikuwa amesimama mahali pengine pa wakati.

Kwa hiyo twawaonya wasomaji wasifanye haraka kusema: Kazimoto ni Kezilahabi. Wote wawili ni watu wa Ukerewe, wote walisoma Chuo Kikuu, na mwandishi alimpa kijana wake maswali ambayo bila shaka yeye mwenyewe aliyajua. Lakini Kazimoto alikufa kijana, na Kezilahabi akaishi miaka 75. Alifundisha vijana wa nchi hii kwa miaka mingi. Aliandika tasnifu juu ya Shaaban Robert, mwandishi aliye tofauti naye kwa kila jambo. Alikwenda Marekani, akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Wisconsin mwaka 1985. Baadaye akafundisha Botswana. Riwaya sita, diwani tatu na tamthilia moja si kazi ya mtu aliyeona kwamba maisha hayana kitu. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Mwandishi aweza kumpeleka mtu wake mpaka ukingoni ili kuona kuna nini huko, naye mwenyewe akarudi kula chakula cha jioni.

Tena, hakukaa pale pale. Gamba la Nyoka ya mwaka 1979 yauchunguza Ujamaa vijijini, na baada ya hapo akanyamaza katika riwaya kwa zaidi ya miaka kumi. Kisha zikaja Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, vitabu viwili vyembamba ambavyo twakiri ni vigumu. Hapana tena Namagondo wala Mwanza. Kuna njia, bonde, miji ya kimya, ngoma, na wanafalsafa wa Ulaya kama Socrates na Nietzsche watokeao kama wakazi wa mahali. Walakini katika Mzingile yuko mzee aitwaye Kakulu, na hilo ni neno la nyumbani kwa mwandishi, la kumwita mzee. Mwandishi aliondoa majina yote ya Ukerewe katika ramani ya kitabu, Ukerewe ikarudi kwa mlango wa ngano za bibi na babu. Wengine wasema riwaya hizo zimejaa giza. Sisi twaona kwamba ndizo za kwanza ambamo mtu wa Kezilahabi atafuta mwanga badala ya kuulizauliza tu kwa nini pana giza.

Haya yote yawahusu nini wazazi wa Kinondoni na Temeke? Yawahusu sana. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2012, Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049, na Temeke 1,368,881. Wilaya moja tu kati ya hizo ilikuwa na watu zaidi ya mara nne ya mji wote alioukuta Kezilahabi. Sehemu kubwa ya watu hao, au wazazi wao, walikuja kutoka mahali pengine: Songea, Sumbawanga, Moshi, Bukoba, Mahenge, na Ukerewe yenyewe. Kila mmoja ana kisiwa chake alichokiacha. Baba bado asema „nyumbani‟ akimaanisha kijiji ambacho mwanawe amekiona mara mbili, tena kwa msiba. Mtoto amezaliwa Yombo au Kigogo. Lugha ya babu haijui. Desturi alizosikia ni vipande. Dini ameipokea kwa kipaimara na picha ukutani. Huyo hakuvuka ziwa kwenda kupotelewa na nyumbani. Amezaliwa upande wa pili wa maji. Akimsoma Kazimoto hashangai kama sisi tushangaavyo. Huenda ajiona ametajwa.

Hapo ndipo tuonapo hatari, na hapo hapo faida. Hatari ni kijana kusoma peke yake, usiku, kitabu kinachomwambia kwamba maumivu yake ni ya kweli, kisha kinamwonyesha mlango mmoja tu wa kutokea. Mzazi aonaye kwamba mwanawe hazungumzii tena riwaya bali anazungumzia kufa kwake mwenyewe, asibishane naye juu ya fasihi. Amketishe karibu, amwulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru, asimwache peke yake, na siku hiyo hiyo amfikishe kwa daktari. Na familia zilizokwisha kupatwa na msiba wa namna hiyo zijue kwamba Katekisimu ya mwaka 1992 yatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, bali tuwaombee.

Faida nayo ni kubwa. Kuna maswali ambayo kijana wa Mbagala hawezi kumwuliza baba yake uso kwa uso: kama Mungu yupo, mbona mtoto asiye na kosa azaliwa na ugonjwa wa wazazi? Kama nimesoma, mbona sina kazi, naye mwenzangu asiye na haya ana ofisi? Kumwuliza baba ni utovu wa adabu. Lakini kuuliza kwa jina la Kazimoto yawezekana. Mezani mtu aweza kusema, „Kazimoto alikosea hapa,‟ na baba akajibu, „Mimi ningefanya hivi,‟ na wote wawili wakajua ni nani hasa anayesemwa. Twazijua jumuiya ndogo ndogo ambazo zimesoma kitabu kwa namna hiyo, sura moja moja, wazee wakianza kwa kukunja uso, kisha wakibishana kuliko vijana.

Umri uangaliwe. Kichwamaji si kitabu cha mtoto wa darasa la saba, wala Nagona si cha mtu aliye na haraka. Kitereza asomwe pamoja nao, hata kama ni mnene. Familia iwe na sura zile za mume aendaye kuomba mkewe arudi karibu na sura za Manase. Na kuhusu Rosa Mistika, yule mama aliyeshtuka kwa kurasa mbili tatu alifungua, twadhani, katikati ya kitabu, ambamo Rosa amekwisha kuharibikiwa. Aanzie mwanzo, kwenye barua ya Charles na fimbo ya Zakaria, tena asome yeye na mumewe kwanza, kabla ya kumwuliza binti alikitoa wapi.